Krashi, wimbo na umri wa miaka 14: kufumua fundo la nyuzi tatu

Mwanamke mmoja anaosha vyombo jioni. Ana mume, ana watoto wawili, ana mambo ya kesho kichwani. Redioni unapigwa wimbo ambao hajausikia kwa miaka 20. Mwimbaji hajafungua kinywa bado, ni kinanda tu kimelia mara mbili tatu, na mikono yake imeshasimama ndani ya maji. Anamwona mvulana wa darasa la jirani, shati limechomoka upande mmoja, anacheka na wenzake dirishani. Hawakuwahi kuongea zaidi ya salamu. Koo linamkaba. Halafu linakuja swali linalomtisha: kumbe bado nampenda?

Swali hilo nimelisikia kwa wengi, wanawake kwa wanaume, na kila mara huulizwa kwa sauti ya chini kana kwamba muulizaji amefumaniwa. Kando yake yapo mabishano mengine yasiyokwisha. Wazee wanasema nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe, za siku hizi ni kelele. Wazazi wanasema mtoto wa miaka 13 hajui kupenda, na kwa pumzi hiyohiyo wanasema nyimbo ndizo zinazomfundisha kupenda. Vijana wenyewe hunyamaza, maana wameshajifunza kwamba wakisema watachekwa. Naona mkanganyiko huu wote una mzizi mmoja: tunazungumzia vitu vitatu kana kwamba ni kimoja. Yupo mtu uliyemzimikia, upo wimbo, na upo umri uliokuwa nao siku hizo. Vimesokotwa pamoja kiasi kwamba tukivuta uzi mmoja tunadhani tumevuta yote. Tuvifumue polepole.

Tuanze na maneno

Krashi ni neno la kukopa. Vijana husema "krashi wangu" wakimaanisha mtu, na "nina krashi" wakimaanisha hali. Wengine husema "nimemzimikia", na kwangu neno hilo linasema mengi kuliko lile la mkopo. Anayezimia hakukusudia, hakujiandaa, na baada ya muda atazinduka.

Kiswahili kimejaliwa majina ya hisia hizi. Upendo unaweza kuwa wa mama kwa mwana au wa jirani kwa jirani. Mapenzi huhitaji wawili. Mahaba na huba yana joto la mwili na maneno matamu ndani yake. Krashi haimo humo. Ni mvuto mkali kwa mtu unayemjua kidogo, na sehemu kubwa ya mvuto huo hupikwa kichwani mwako mwenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na krashi mwaka mzima na aliyezimikiwa asijue lolote.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, alichapisha kitabu kilichotokana na masimulizi ya mamia ya watu kuhusu hali ya kuzama katika kumwaza mtu mmoja. Aliona neno "mapenzi" limebebeshwa mizigo mingi mno, akabuni jingine: limerensi. Alichokiona ndicho kinachotusaidia hapa. Hali hii hulishwa na vitu viwili kwa wakati mmoja, matumaini na mashaka. Ukijua kwa hakika kwamba hutakiwi, moto hufifia taratibu. Ukijua kwa hakika kwamba unapendwa, hugeuka kuwa kitu kingine kilichotulia zaidi. Unawaka sana pale katikati, alipokutazama lakini hujui alikuwa akikutazama wewe au saa ya ukutani nyuma yako.

Mfikirie mvuvi. Mshipi ukikaa siku tatu bila kuguswa, ataukunja aondoke. Ukinasa kila anapoutupa, uvuvi utakuwa kazi kama kazi nyingine. Lakini mshipi ukitikisika kidogo mara moja kwa saa, bila samaki kuonekana, mvuvi huyo atalala ufukweni. Kijana anayekesha akichambua "mambo vipi" aliyoandikiwa na krashi wake, iliandikwa kwa furaha au kwa adabu tu, ameshika mshipi unaotikisika.

Kuhusu wimbo wa mapenzi wa pop, nitosheke na hili: ni wimbo mfupi uliotungwa upendwe na watu wengi wasiojuana, wenye kiitikio kinachorudi mara kwa mara hadi kikae kichwani bila kukaribishwa.

Mwili hutangulia

Wazazi wengi husubiri dalili za nje. Sauti ikivunjika, chunusi zikitoka, kifua kikianza kujaa, ndipo wanajiandaa kwa mazungumzo. Mara nyingi wanakuwa wamechelewa. Balehe kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa wavulana. Anayeianzisha ni ubongo: sehemu ndogo iliyo chini yake hutoa ishara, tezi iliyo jirani huipokea na kuipeleka mbele, na ovari au korodani huamka na kuanza kutoa homoni. Hata kabla ya hapo, tezi zilizokaa juu ya figo huwa zimeshaanza kumwaga homoni zake kidogo kidogo, kwenye miaka 6 hadi 8. Mwaka 1996 Martha McClintock na Gilbert Herdt walieleza kwamba kumbukumbu za watu za kuvutiwa na mtu kwa mara ya kwanza hukusanyika karibu na umri wa miaka 10. Kwa hiyo sura ya mwanafunzi mwenzako inaweza kuanza kung'aa wakati mwili wako kwa nje bado ni wa kitoto kabisa, na wala huna jina la kuuita mng'ao huo.

Kinachofuata ni suala la ratiba ya ujenzi. Ubongo haukomai wote kwa mpigo. Mitambo ya hisia na ya kutafuta raha huchangamka mapema katika ujana, huku sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayosaidia kupima, kusubiri na kujizuia, ikiendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20. Ni kama nyumba iliyohamiwa kabla ya kuezekwa. Kuta zimesimama, milango inafunguka, watu wanaishi ndani, lakini mvua ikinyesha inamnyeshea kila aliyemo. Mtu mzima akiangalia kutoka kwenye nyumba yenye paa huona manyunyu. Aliyemo mle ameloa hadi mifupa.

Hapo ndipo inapoanguka ile dhana kwamba hisia za kijana "si za kweli". Mwaka 2005 kundi la watafiti lililowajumuisha Arthur Aron, Helen Fisher na Lucy Brown lilipiga picha za ubongo wa watu 17 waliokuwa katikati ya penzi jipya, wakitazama picha ya mpendwa wao. Sehemu zilizochangamka ni zilezile zinazohusika na kutafuta malipo, zenye kutumia kemikali inayoitwa dopamini. Ni mitambo ya ndani kabisa, ya zamani, iliyo karibu na njaa na kiu kuliko ilivyo karibu na mashairi. Waliopimwa walikuwa watu wazima vijana. Kijana wa miaka 14 ana mitambo hiyohiyo, tena ikiwa katika umri wake wa kuwaka. Machozi yake ni machozi kweli. Kilichopungua ni ujuzi wake juu ya huyo mtu. Amependa mchoro alioupaka rangi mwenyewe kutokana na vipande vichache: mwandiko wake, kicheko chake, jinsi anavyobeba mkoba begani.

Wimbo huingia kwa mlango uleule

Mwaka 2011, huko Montreal, Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao walionyesha kwamba muziki unaomsisimua mtu hadi vinyweleo vikasimama humwaga dopamini katika ubongo wake. Walichokipata cha ziada ndicho kinachonivutia zaidi. Dopamini haikusubiri kilele cha wimbo. Ilianza sekunde chache kabla, wakati msikilizaji anangoja kile anachojua kinakuja. Yaani sehemu ya utamu wa wimbo iko kwenye kuungoja.

Sasa weka mambo haya mawili pamoja. Krashi ni kungoja. Wimbo wa pop nao umejengwa kama mtambo wa kungojesha: ubeti unatembea, sauti inapanda, ngoma inanyamaza kidogo, unajua kiitikio kinakuja, na kinakuja kweli. Kijana ambaye mchana kutwa amengoja kutazamwa na hakutazamwa, jioni anaweka wimbo ambao haumwangushi hata mara moja. Kila dakika ya kwanza ikitimia, kiitikio kipo. Ndiyo maana anaurudia mara 30 hadi nyumba nzima inalalamika. Anapata humo ahadi inayotimizwa.

Kuna na suala la mazoea. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba tunaelekea kukipenda kitu kwa sababu tu tumekutana nacho mara nyingi. Redio na kiitikio vinafanya kazi hiyo vizuri mno. Hata aliyeuchukia wimbo wiki ya kwanza hujikuta wiki ya nne akiuimba bafuni.

Halafu lipo jambo ambalo Kiswahili kimependelewa. Angalia neno "nakupenda". Neno moja, na ndani yake yumo anayependa, umo wakati, na yumo anayependwa. Hakuna jina la mtu. Hakuna hata dalili kama anayeimba ni mwanamume au mwanamke, wala anayeimbiwa. Hata "yeye" haisemi. Wimbo wa mapenzi unaishi kwa uwazi huo. Mtunzi aliutunga kwa ajili ya mtu wake, lakini ameacha kiti kitupu katikati ya sentensi, na kila msikilizaji anamkalisha wa kwake. Wimbo ungesema "nakupenda wewe mwenye kovu kwenye kiwiko cha kushoto" ungekuwa wa mtu mmoja. Ukisema macho yako, sauti yako, usiku bila wewe, umekuwa wa watu milioni. Wapo wanaowacheka watunzi kwa kurudia maneno yaleyale. Mimi naona kuacha nafasi ya kutosha kwa wageni wote ni ufundi mgumu.

Na urefu wake? Wengi hudhani dakika tatu ni kipimo cha uvumilivu wa vijana. Chanzo chake ni chombo. Santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika tatu kila upande, watunzi wakakata kitambaa kwa kipimo hicho, na masikio yakazoea. Vyombo vilibadilisha pia mahali pa kusikilizia. Mwishoni mwa 1954 ilianza kuuzwa redio ndogo ya kwanza ya transista, ya kushikwa mkononi. Mwaka 1979 ikaja Walkman, chombo kidogo cha kuchezea kaseti ukitembea nacho, cha kusikilizwa masikioni. Kabla ya hapo muziki wa nyumbani ulikuwa wa sebuleni, mbele ya baba na mama. Baada ya hapo kijana aliweza kuwa na wimbo chini ya blanketi, sikioni mwake peke yake, ukisema mambo ambayo hakuna mtu mzima aliyethubutu kumwambia. Sidhani tumelipa tukio hilo uzito unaolistahili. Siri ya moyo ilipata sauti, na sauti hiyo ilikuwa ya faragha.

Msanii aliyebandikwa ukutani

Krashi nyingine haihusu mwanafunzi mwenzako kabisa. Inahusu mwimbaji mwenyewe, ambaye picha yake iko ukutani au kwenye kioo cha simu, na ambaye hatakujua maisha yake yote. Watu wazima huogopa: mtoto amepotoka, intaneti imemharibu. Lakini jambo hili lina umri mkubwa kuliko umeme majumbani. Mwaka 1844 mshairi Heinrich Heine aliipa jina la nusu-ugonjwa shamrashamra iliyomzunguka mpiga piano Franz Liszt, ambaye mashabiki waligombania hata leso zake. Miaka 100 baadaye, Oktoba 1944, maelfu ya wasichana waliziba mitaa ya New York wakitaka kumwona Frank Sinatra. Tarehe 9 Februari 1964 Wamarekani takriban milioni 73 waliwatazama The Beatles kwenye televisheni, na mayowe ya wasichana yalikuwa sehemu ya habari kama muziki wenyewe.

Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika juu ya uhusiano huu wa upande mmoja, ambapo mtazamaji anajihisi anamjua mtu wa kwenye skrini kama rafiki, ilhali yule wa upande wa pili haoni kitu. Hawakuuita wazimu. Waliona ni jambo ambalo vyombo vya habari vimelizalisha kwa watu wa kawaida kabisa.

Mimi nitakwenda mbele kidogo. Kwa kijana, krashi ya mbali ina faida ambayo wazazi hawaioni kwa sababu ya hofu. Ni mahali salama pa kujaribia moyo. Unaweza kutamani, kuona wivu, kukata tamaa, kusamehe, na hakuna anayekugusa wala kukudai kitu. Msichana wa miaka 12 anayejua mwimbaji wake anapenda mbwa na anachukia baridi anajifunza, kwa mara ya kwanza, kuweka maanani mambo ya mtu asiye wa familia yake. Siku moja picha itabanduliwa ukutani bila kutangazwa, na ujuzi wa kujali utabaki.

Hatari ipo, lakini haiko mahali tunapotazama. Iko pale ambapo krashi inapata jibu kutoka kwa mtu asiyestahili kujibu. Mtoto kumzimikia mwalimu, kocha, msanii au rafiki wa kaka mkubwa ni jambo la kawaida na hana kosa. Mtu mzima anayeiona hisia hiyo na kuitumia ana kosa lote. Hapa sina maneno ya kuzunguka. Ukisikia mtu mzima akisema "yeye ndiye aliyenipenda kwanza" kuhusu mtoto wa miaka 14, ujue anakiri. Dalili nyingine ya kutazamwa ni kijana anayeacha kula, kulala au kusoma kwa wiki nyingi, au anayesema maisha hayana maana bila mtu fulani. Huyo asipewe mahubiri. Apewe mtu wa kukaa naye, na akiendelea hivyo, mtaalamu wa afya ya akili.

Na je, nyimbo zinawafundisha watoto mapenzi? Zinawafundisha maneno na namna ya kusimulia. Hisia inakuwa imeshafika, kama tulivyoona, pengine tangu miaka 10. Wimbo unaweza kumpa kijana mfano mbaya, kwa mfano kwamba wivu ni ushahidi wa kupenda au kwamba "hapana" ni mwanzo wa kubembeleza, na hilo linafaa kuzungumzwa naye ubeti kwa ubeti. Kuzima redio hakuzimi homoni.

Kwa nini miaka ile na si mingine

Sasa turudi kwa yule mama mwenye mikono majini. Ukimwomba mtu wa makamo au mzee asimulie matukio ya maisha yake, masimulizi hayagawanyiki sawasawa. Yanajaa isivyo kawaida katika kipindi cha kati ya miaka 10 na 30. Watafiti wa kumbukumbu walieleza mwinuko huu tangu miaka ya 1980, na umeonekana tena na tena. Kwa kumbukumbu zinazoamshwa na muziki, kilele kimeonekana mapema zaidi, karibu na miaka 14.

Sababu zake zinashikana. Miaka hiyo ndiyo ya mambo ya kwanza: safari ya kwanza bila wazazi, barua ya kwanza, aibu ya kwanza ya hadharani. Ubongo huhifadhi kitu kipya kwa uangalifu kuliko kilichojirudia. Hisia zenyewe ni kali, na tukio lililoshikana na hisia kali hupigwa chapa nzito. Kisha, na hili mimi naliona kubwa kuliko yote, ndio wakati ambao mtu anajibu swali la yeye ni nani. Nguo gani ni zangu, rafiki gani ni wangu, wimbo gani ni wangu. Kinachoingia wakati wa kujijenga kinakuwa sehemu ya jengo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Walikuwa wanamwambia mlezi, lakini wimbo nao huuwahi udongo huo, tena kila siku, tena kwa kujirudia.

Mwaka 2009 Petr Janata, mtafiti wa California, alionyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, katikati nyuma ya paji, huchangamka wimbo unapoamsha kumbukumbu za maisha ya mtu mwenyewe. Hiyohiyo hutumika mtu anapojifikiria. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulieleza kwamba sehemu za ubongo zinazohifadhi nyimbo za siku nyingi huchelewa kuharibika katika ugonjwa wa Alzheimer zikilinganishwa na nyingine. Aliyewahi kumuuguza mzee wa namna hiyo ameliona kwa macho: jina la mwanawe limepotea, lakini kiitikio cha wimbo wa mapenzi wa ujana wake anakimaliza bila kukosea.

Hapa pia tunaweza kuamua ule ugomvi wa nyimbo za zamani na za sasa. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler waliwachezea watu wa umri mbalimbali nyimbo zilizovuma miaka tofauti. Kwa wastani, walielekea kuzipenda zaidi zile zilizovuma walipokuwa na takriban miaka 23 na nusu. Kwa hiyo babu yako alisema nyimbo zake ndizo zilizokuwa na ujumbe, baba yako akasema zake, na mwanao atakuja kusema hizi unazoziita kelele ndizo zilizokuwa muziki. Wote wanasema kweli kuhusu masikio yao. Pia wakati ni ungo. Nyimbo dhaifu za miaka ya ujana wetu zilishapepetwa zikapeperuka, zilizobaki redioni ni punje tu, na punje hizo ndizo tunazozilinganisha na nyimbo za leo ambazo bado hazijapepetwa.

Lakini uko upande mwingine wa jambo hili, na ni mzuri sana. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick waliwasikilizisha vijana wenye umri wa miaka kama 20 nyimbo maarufu za miongo kadhaa. Vijana wale walikuwa na mapenzi ya pekee kwa nyimbo za miaka yao, na pia kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao, nyimbo zilizovuma kabla hawajazaliwa. Walizirithi nyumbani, ndani ya gari na jikoni. Mama anayeosha vyombo huku machozi yakimlengalenga hayuko peke yake na wimbo wake. Nyuma yake yupo mtoto anayeandika hesabu mezani, na wimbo unaingia kwake pia.

Kumbe bado nampenda?

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 15. Majuzi alinikuta nikisikiliza wimbo mmoja kwenye simu, akanitazama usoni, akauliza, "Shangazi, huyu unayemkumbuka ni nani?" Nikamwambia anisubiri. Nilitaka kumjibu kwa uaminifu, kwa hiyo niliurudia mwanzo hadi mwisho na kuandika kwenye karatasi kila kilichonijia, bila kuchagua.

Karatasi ilijaa. Kitufe kigumu cha redio-kaseti kilichohitaji vidole viwili. Dada yangu mkubwa akigonga mlango akitaka nipunguze sauti. Viatu vya shule vilivyonibana kidole cha mwisho, ambavyo sikutaka kusema vinanibana. Daftari lenye ukurasa wa nyuma ambao nilijaza saini za jina nililopanga kulitumia nikiwa mkubwa. Hofu ya mtihani. Hisia, ambayo bado sijui kuiita, kwamba kitu kikubwa kilikuwa karibu kuanza.

Na yeye? Nilipata sikio na kisogo, kwa sababu alikaa madawati mawili mbele yangu. Nilijaribu kupata pua, sikupata. Nilijaribu kukumbuka neno lolote aliloniambia, nikapata "samahani", siku aliponikanyaga. Kama huyu ndiye ninayempenda mpaka leo, basi nampenda mtu asiye na pua. Wimbo ulikuwa umemhifadhi msichana wa miaka 14, kiatu chake, kitufe chake na hofu yake, kwa ukamilifu ambao hakuna picha ya familia iliyoufikia. Yule mvulana alikuwa humo kama msumari uliotundikiwa nguo. Msumari ulikuwa na kazi yake, na ninamshukuru, lakini nilichokitamani koo liliponikaba kilikuwa nguo.

Nilimwonyesha mtoto karatasi. Aliisoma yote kimya, hakucheka, nikamwona anapapasa mfuko wenye simu yake. "Na mimi upo mmoja," akasema. Nikamwambia auweke.

Alipomaliza kunisikilizisha wa kwake, mara nne mfululizo, tuliurudia wa kwangu. Nikamwomba asikilize mwanzo. Kwenye simu unaanza vizuri, na kinanda chote kipo. Kwangu mimi mwanzo huo umekosewa. Niliunasa kutoka redioni kwa kanda, nikachelewa kubonyeza, na kwa miaka yote ile wimbo wangu ulianza katikati ya neno la mtangazaji, "...kilizaji wetu", kisha kinanda kilichokatwa kichwa, kisha sauti.

"Kwa hiyo hauanzi hivi?" akauliza.

"Hauanzi hivi," nikamwambia, na nikamwimbia unavyoanza.